Yeye Petroli, Mimi Dizeli

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza asubuhi, kabla sijaanua nguo. Jirani wa nyumba ya mbele amekuja kutuaga. Amehamishwa kikazi na anaondoka wiki hii, yeye na gari lake. Alisimama mlangoni mwavuli unachuruzika, akasema, "Mama, najua nawaacha pabaya." Nikamwambia, hapana, umetubeba vya kutosha, Mungu akulipe. Alipogeuka tu nikaingia jikoni, nikafunika ndoo, nikaikalia.

Jumatatu, 4 Machi

Niandike hali ilivyo, maana kichwani haienei tena. Figo za mume wangu zimekufa zote mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa damu yake husafishwa kwa mashine, na mashine ziko katika hospitali ya mji mkubwa, ng'ambo ya milima. Kwa gari la jirani ilikuwa mwendo wa saa mbili, barabara ikiwa nzuri. Kwa basi ni nusu siku, kwenda tu. Akitoka kwenye mashine miguu haimbebi. Leo ameteleza kwenye ngazi za basi na kijana mmoja akacheka, akidhani mzee amelewa.

Huyu ni mtu aliyeendesha malori maisha yake yote ya kazi, saruji na mbolea, mpaka ng'ambo ya mpaka na kurudi. Sasa anapandishwa basi kama gunia.

Tutanunua gari dogo, lililotumika, lisilokula mafuta. Kiinua mgongo chake bado kipo, na wifi yangu ameahidi kuongezea. Limebaki jambo moja tu: la dizeli au la petroli.

Jumanne, 5 Machi

Fundi amekuja jioni. Yeye na mume wangu ni marafiki tangu ujana. Husema urafiki wao ni rahisi: mmoja alivunja malori, mwingine aliyatengeneza. Nikamuuliza swali langu hata chai haijapoa.

"Dizeli ni ya mtu wa mbali," akasema. "Inataka barabara ndefu, injini ipate moto, ipumue. Hapo inakunywa kidogo sana. Ila kuinunua ni ghali, na nozeli za kupulizia mafuta zikileta shida, utauza vyerehani unavyoshonea watu. Na ukiigeuza ya kwenda sokoni na kurudi, lile chujio la moshi linaziba, inakufa polepole uani kwako. Petroli haina maringo. Sokoni sawa, msibani sawa, kila fundi anaijua. Lakini safari ndefu itakunywa kama ngamia."

"Kwa hiyo sisi?"

"Kwa hizi safari za hospitali, dizeli. Faida yake utaiona ukienda na kurudi hivi miaka miwili, mitatu. Ndiyo maana..." Akakoroga chai ambayo alishaikoroga.

Mume wangu alikuwa anatazama mvua dirishani. Hakuchangia neno, yeye ambaye kwa habari ya injini huwa hanyamazishwi.

Miaka mitatu. Niliyachukua maneno hayo kama mtu aliyeokota noti njiani, nikayafumbata. Tutanunua dizeli.

Ijumaa, 8 Machi

Basi. Mvua. Tumerudi, amelala na viatu.

Jumapili, 10 Machi

Wifi amekuja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu mkuu mstaafu, anaongea na kila mtu kama anamsahihisha. Hata hajakaa vizuri, akasema, "Fedha yangu ni ya petroli. Mkitaka dizeli, tafuteni kwingine."

Nikamweleza aliyosema Fundi. Safari ni ndefu, mara tatu kila wiki, hata mtoto wa darasa la kwanza ataona ipi ni nafuu.

"Gari lazima lifae hata baadaye, wifi."

"Baadaye ya nini?"

Akatazama sakafu. "Baadaye tu."

Nilisikia damu ikinipanda mpaka masikioni. Nimeolewa katika ukoo huu nikiwa msichana, nimevumilia mengi ya huyu mwanamke, lakini sikujua kwamba angeweza kukaa kwenye kiti cha ndugu yake, anywe chai ya ndugu yake, huku ameshamzika. Nikamwambia kama ana haraka hivyo na hayo ya baadaye, mlango uko wazi na mvua imepungua. Mvua haikuwa imepungua. Akaondoka hivyo hivyo.

Mume wangu chumbani alisikia yote.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda na Fundi kwenye uwanja wa dalali wa magari. Magari mawili tu yanatufaa, yamesimama ubavu kwa ubavu: la dizeli, la rangi ya fedha, na la petroli, jekundu lililopauka. Dalali anasema lile la fedha lilikuwa la bibi mmoja mwalimu, alilitumia siku za mapumziko tu. Fundi akaniambia pembeni kwamba kwa maneno ya madalali, magari yote ya dunia hii yaliendeshwa na bibi mmoja mwangalifu.

Nilikaa ndani ya la dizeli. Kiti cha abiria kinalala vizuri. Nikamwona mume wangu amekilalia, na sisi tunakwenda, tunarudi, tunakwenda. Sikutaka kushuka.

Dalali atatuwekea kwa muda, lakini fedha haitoshi bila wifi.

Jumapili, 17 Machi

Nimefundishwa kuendesha, kwenye uwanja wa shule, kwa pikapu ya Fundi. Mume wangu alikaa kando yangu, amejifunika blanketi. "Klachi si adui yako, mama. Usiikanyage kama mende." Nilizima injini mara nyingi mpaka mbuzi waliokuwa uwanjani wakazoea na kurudi kula majani. Alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana jino moja la pembeni linaloonekana akicheka.

Jumatano, 20 Machi

Miguu yake imeanza kuvimba kabla ya zamu ya mashine. Muuguzi ameuliza kama anakunywa maji kwa siri. Ni basi linalotuchelewesha, saa za mashine zinakatwa.

Jumamosi, 23 Machi

Jana hatukufika.

Mto umepita juu ya daraja. Basi lilisimama kwenye foleni ya magari mlimani tangu asubuhi, abiria wakashuka, wakala, wakaimba, wakagombana, na sisi tukabaki viti vya mbele. Alasiri dereva akasema anageuza. Nilimfuata, nikamwambia mgonjwa wangu ana zamu ya mashine leo. Akaniambia kwa upole, "Mama, hata ningekuwa na mabawa." Nikarudi kukaa. Mume wangu akasema, "Mwache. Mimi pia ningegeuza."

Nimepiga simu hospitali. Wanasema njooni Jumatatu, nafasi zimejaa. Asinywe maji kabisa. Namlowesha midomo kwa kitambaa.

Jumapili, 24 Machi

Hawezi kulala chali. Amekaa kitandani ameegemea mito yote tuliyo nayo, na bado anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Ukibonyeza mguu, alama ya kidole inabaki hapo kama kwenye unga uliokandwa. Tangu asubuhi namwita na anaitika, namwita na anaitika, mpaka akasema, "Usiniite tena, kuitika kunanichosha."

Fundi yuko njiani na pikapu. Amesikia maji yameshuka darajani. Naandika ili mikono isikae bure. Ee Mungu, umpe pumzi hiyo moja, halafu na inayofuata. Sikuombi kwa mkupuo.

Jumatatu, 25 Machi

Tulifika. Fundi alivuka daraja maji yakiwa nusu ya magurudumu. Nilimshikilia mume wangu kifuani kwa mkono wangu, na kila alipokohoa lilitoka povu la rangi ya waridi. Getini mlinzi akaanza kuuliza mambo ya kuegesha, Fundi akampita tu. Wakamchukua kwa kukimbia, mmoja anakata shati kwa mkasi. Shati nililomshonea mwenyewe. Nilisimama pale nikiwaza upuuzi: kwamba ule mshono wa begani ni imara, wasihangaike, wafungue vifungo.

Yuko hai. Mashine imetoa maji mengi. Daktari anasema moyo umepata jeraha, na usije ukapata jingine kama hili.

Jumanne, 26 Machi

Wifi amekuja hospitali kwa basi, na mkoba wa nguo zangu. Kwa siku mbili hizi nilikuwa nimekusanya maneno ya kumwambia: kwamba kama angetoa ile fedha, gari lingekuwepo na tungewahi Ijumaa asubuhi kabla ya maji. Nilimkuta kwenye benchi la korido, amevua viatu, anasugua vidole. Miguu yake nayo imezeeka. Nikaketi. Akaanza yeye.

"Unanichukia bure, wifi."

Nikauvuta ule mkoba wa nguo karibu.

"Aliyetaka petroli si mimi. Ni yeye. Alinipigia simu hata kabla jirani yenu hajaondoka. Akasema, 'Dada, nikiondoka atabaki na gari la mbali na yeye hana pa mbali pa kwenda. Safari zake ni dukani na sokoni kuchukua vitambaa. Dizeli itamfia uani na hatakuwa na cha kuitengenezea. Wewe simamia petroli. Mimi nikimwambia, atalia.'" Akavaa kiatu kimoja. "Nikamwambia mimi ndiye nitakayeonekana mbaya. Akasema, 'Wewe ulishaonekana mbaya zamani, dada, hutapungukiwa.'"

Tukacheka, Mungu atusamehe, wanawake wawili kwenye korido ile. Halafu hatukuweza kuacha, na haikuwa kicheko tena. Nesi akaja kutuomba tutoke nje.

Jumamosi, 30 Machi

Tumerudi nyumbani jana, baada ya mashine. Leo mchana nilimwogesha, nikambadilisha shuka, nikaona sina sababu nyingine ya kuchelewa. Nikamwambia, "Dada yako ameniambia."

Akafumba macho. "Huyo hajawahi kutunza siri tangu tukiwa watoto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua. Utanunua gari la kunibeba mimi. Mimi nataka la kukubeba wewe."

"Safari zetu ni za mbali."

"Zangu. Na zangu ni chache." Alisema kama anavyosema dereva kwamba mafuta hayafiki. "Mama, mimi nimeishi na dizeli. Naijua kuliko ninavyoijua shingo yangu. Haimvumilii mtu asiye na safari. Ukishabaki peke yako..."

"Nyamaza."

"Ukishabaki peke yako, utataka kitu kinachowaka ukigusa ufunguo, kinachotengenezwa na fundi yeyote wa pembeni."

"Nanunua dizeli," nikasema.

"Fedha ni yangu."

Tangu tuoane hajawahi kutamka maneno hayo. Hata alipokuwa anarudi safari na mshahara mfukoni, ulikuwa wetu. Nilitoka nje kwenye mvua kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba. Nilisimama nimeishika kamba mpaka mwili wote ukalowa, nikiwaza: mtu huyu ameshapanga maisha yangu yasiyo na yeye, mpaka amechagua na mafuta yake. Na mimi nilidhani tunapigania kitu kimoja.

Jumapili, 31 Machi

Hatujasemezana isipokuwa dawa na maji.

Jumatatu, 1 Aprili

Pikapu ya Fundi tena. Ametuambia kwa aibu kwamba hataweza kila siku, ana wateja. Wakati mume wangu yuko kwenye mashine, wifi amenifuata hospitali, akanipa bahasha ya fedha yake. "Nunua unayotaka. Nimechoka kuwa mjumbe. Kama ni dizeli, basi dizeli, na yeye nitamkabili mwenyewe."

Nilimkumbatia. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani miaka yote hii.

Jumanne, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie uwanjani.

Nilimwambia Fundi naenda kuchukua dizeli, anisindikize tu kama shahidi. Tulipofika, dalali alikuwa amelifuta lile la fedha linang'aa kwenye manyunyu. Fundi hakuligusa tairi wala rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Umeliwasha leo?"

"Nimelisogeza tu," dalali akasema.

"Tutangoja lipoe. Injini ya moto huficha ugonjwa."

Dalali akasema hakuna haja, ana wateja wengine. Fundi akasema wateja karibu, sisi tunangoja. Tukakaa kwenye kibanda chake mpaka adhuhuri, mvua inapiga bati. Mimi nilikuwa na mkoba mapajani, nimeushika kwa mikono miwili, na nilimwona Fundi kama adui. Nilijua anatafuta nini na sikutaka akipate.

Akaliwasha likiwa baridi. Likakoroma, likakataa. Likakoroma tena, likakataa. Mara ya tatu likashika kwa kugonga kama mtu anayepiga sufuria, na moshi mweupe ukajaa uwanja mzima.

Fundi akalizima, akaja kwangu. "Mama, lingekuwa zima, ningekwambia chukua, hata mumeo akinilaani. Hili si zima. Litawaacha. Litachagua mlimani, kwenye mvua, na yeye kando yako anatafuta pumzi."

"Haliwezi kutengenezwa?"

"Linaweza. Kwa muda ambao hamna."

"Dizeli nyingine?"

Dalali akasema labda mwezi ujao. Kesho ni Jumatano. Kesho ni zamu.

Nilisimama katikati ya magari hayo mawili. Nilitamani hata hivyo kumwambia, nipe hilo hilo bovu. Nilitamani kweli, nafsi yangu inajua. Mkoba nilikuwa nimeshaufungua. Jekundu lililopauka likawaka kwa mguso mmoja, likatulia, likanguruma polepole kama paka. Nililipia. Mkono wangu ulipoandika sahihi ulikuwa mzito kana kwamba nasaini karatasi ya mochari.

Fundi aliliendesha mpaka nyumbani na mimi kando. Wifi alikuwa amebaki na mgonjwa. Tulipoingia uani, kabla Fundi hajazima injini, nilimwona wifi kwenye mlango wa chumba ananionyesha kwa mkono niharakishe.

Mume wangu alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala, mpaka nikaona mabega. Alikuwa amesikia mlio. Mtu kama yeye hahitaji kuliona gari.

Nami nilikuwa na uchungu, nikasema, "Umepata ulichotaka."

Halafu akasema, akiuambia ukuta, "Nilisema petroli. Ni kweli nilisema." Akavuta pumzi. "Nilidhani utakataa."

Nilipanda kitandani na viatu vyangu vya matope, nikamshika kwa nyuma. Nikamweleza yote: boneti lilikuwa la moto, tulivyongoja, lilivyokoroma.

Akauliza, "Moshi wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Ulichoma macho?"

"Ulichoma."

"Likagonga?"

"Kama sufuria."

"Nozeli," akasema. "Au injini imechoka kabisa." Baada ya muda akauliza tena, sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo ulikuwa unalinunua."

"Nilikuwa nimeshafungua mkoba."

Akautafuta mkono wangu, akauweka kifuani pake, juu ya ule moyo wenye jeraha. Wifi alifunga mlango. Nje nilimsikia akimwambia Fundi ale kwanza ndipo aondoke.

Jumatano, 3 Aprili

Fundi ameendesha. Tumewahi zamu. Saa zote za mashine amezipata.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza, leseni mkononi, roho mdomoni. Mlimani lori lilinifuata nyuma likipiga honi. Akasema, "Mwache apige, honi haina meno."

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Limekunywa kweli, kama alivyosema Fundi.

Jumatano, 8 Mei

Daktari ameniita peke yangu. Moyo unadhoofika. Hakutaja muda, na mimi sikuuliza, tukatazamana kama watu wawili walioshika ncha mbili za shuka, kila mmoja anangoja mwenzake akunje. Nikashukuru, nikatoka. Garini mume wangu akauliza, "Amesema nini?" Nikasema, "Amesema upunguze chumvi." Akasema, "Daktari mzuri huyo, hana maneno mengi." Anajua. Tumekwenda njia nzima tukibishana kuhusu kona ipi ni mbaya zaidi.

Alhamisi, 16 Mei

Wifi analala kwetu sasa. Ananisahihisha ninavyokunja shuka. Namwacha.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua imekatika. Barabara imekauka, ina vumbi jepesi la kwanza. Leo alikuwa dhaifu kuliko siku zote, ilibidi wifi na mimi tumbebe mpaka garini, na nilipomfunga mkanda kichwa chake kilidondoka begani kwangu. Nilikaa hivyo kwa muda ndipo nikawasha.

Kwenye kituo cha mafuta, msichana wa pampu alikuja akinitambua. "Mama, wewe huishi kuja hapa. Kila mara tanki tupu." Akalitazama gari, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kagari haka ni ka mjini. Kwa safari zenu hizi, mngenunua dizeli."

"Najua," nikasema.

Mume wangu alifungua jicho moja. "Tuliambiwa," akasema, akalifumba.

Msichana akauliza aweke ya kiasi gani. Mkobani zimebaki fedha za wiki hii na mapazia ya mteja bado hayajakatwa. Akili ilisema nusu. Nikamwambia ajaze. Akajaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, na mimi nikamwomba aongeze kidogo.

Sasa yuko kwenye mashine, nami naandika nikiwa nimekaa garini, chini ya jua. Nalikiri kosa langu na siliombei msamaha: nimenunua gari linalokula, na nataka liendelee kula. Lile mpaka nishone usiku na mchana. Naomba Jumatatu tanki hili liwe limekauka, nirudi pale kwa yule msichana anionee huruma tena, na mume wangu awe kando yangu afungue jicho moja.